Gari Lililolala Bure

Ninyi wenye magari, na ninyi ambao bado mnaomba Mungu awape, sogeeni. Habari hii haichekeshi. Mama mwenye moyo mwepesi ajifunge kitambaa kiunoni mapema.

Ilikuwa ile miaka ya Zaïre, wakati majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku na kila mtu mzima akaitwa sitoyen, yaani raia. Kwenye kitambulisho mfugaji wetu aliandikwa Harelimana, lakini huko kwao Masisi, kuanzia padri mpaka mchunga ng'ombe, wote waliendelea kumwita Modeste. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala juu ya malisho, ng'ombe wanacheua, na mke wake Séraphine anakamua huku anaimba. Kesho yake binti yao Laurence alikuwa anaolewa Goma. Kwa desturi yao, asubuhi ya ndoa mama humpa binti maziwa ya nyumbani kwa mkono wake mwenyewe; binti anakunywa, ndipo anatoka kwenda kwa mume. Séraphine alikuwa ameingojea asubuhi hiyo tangu siku alipoambiwa kwamba amezaa msichana.

Aliyamimina maziwa kwenye chombo cha mti, akakifunika vizuri, akapanda kwenye kamioneti ya mume wake akiwa amekipakata kama mtoto.

"Usimwage," Modeste akamwambia. "Utachafua kiti."

Hapo mmeshamjua. Na hakuwa maskini, hilo nalisema tangu sasa, msije mkaanza kumhurumia mapema. Ng'ombe wake walijaa mpaka ng'ambo ya kilima, na fromaji zake, yaani jibini, zililiwa Goma nzima. Shida yake ni kwamba alikuwa na mkono wa birika. Kupokea alijua, kutoa hakujua. Nyuma ya gari walipakia fromaji, mablanketi mapya, na kondoo dume mnono wa kuwapa wakwe, wakashuka kwa njia ya Sake.

Walifika Goma mchana, mtaa wa Katoyi, kwa Perpétue, dada yake Modeste, ambako Laurence alikuwa anakaa. Nyumba ilijaa wageni mpaka jikoni. Uwanja ulikuwa mdogo, umezungukwa na ukuta wa mawe ya volkano, hata pikipiki isingepata pa kupumzika.

"Kaka, gari peleka kwa Mama Kasoki, hapo tu kwenye njia ya Sake," Perpétue akasema. "Iko na parseli kubwa, uwanja wa kuzungushiwa ukuta, mulango wa chuma, na sentineli wa kulinda usiku. Watu wa milima wote wanalaza magari yao kule. Bei yake haiko kali."

"Gari ilale, mimi nilipe?" Modeste akauliza. "Kwani imeomba kitanda?"

Watu wakacheka. Yeye hakuwa anacheka.

Hata hivyo alienda, na Séraphine pembeni yake na chombo chake. Mama Kasoki alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, mwanamke mnene wa maneno machache. Alitaja bei yake. Modeste akakata nusu. Mama Kasoki akashuka. Modeste akakata tena.

"Basi toa fromaji moja, tumalize," mama akasema.

"Fromaji moja! Unajua ng'ombe anakula majani ngapi mpaka fromaji moja ipatikane?"

Akawasha gari. Akaenda mpaka mtaa wa Majengo, kwa mwenye duka mmoja ambaye alizoea kumuuzia fromaji. Yule akamwambia alaze gari mbele ya duka, ila mlinzi anunuliwe chakula cha jioni. Modeste akaona mlinzi yule ana tumbo kubwa mno. Akapita parokiani. Padri angempa nafasi bila kumwomba kitu, lakini Modeste alikumbuka kwamba paa la kanisa linavuja, na mtu aliyesaidiwa na padri Jumamosi hawezi kuziba masikio Jumapili mchango ukiombwa. Akageuza. Esansi, yaani petroli, aliyoichoma kwa kuzunguka ilishinda bei ya Mama Kasoki, lakini hiyo hakuihesabu, maana haikutoka mkononi mwake mbele ya macho yake. Bahili huwa hivyo.

Jua lilikuwa linashuka aliporudi njia ya Sake. Hapo ndipo akaliona bonde. Lilikuwa dogo, halizidi uwanja wa shule, limezama kati ya mawe meusi, chini tu ya parseli ya Mama Kasoki. Halikuwa na ukuta wala mlango, wala mtu wa kudai kitu. Na majani yake! Mabichi, marefu, hayajaguswa.

"Unaona?" akamwambia mke wake, akateremsha gari mpaka katikati. "Mungu hamusahau mutu wake."

Séraphine hakushuka mara moja. Alikuwa mke wa mfugaji, na macho yake yaliyajua majani.

"Papa Laurence," akasema polepole, "majani mazuri hivi, na hakuna hata mbuzi mumoja amefungwa? Hapa mujini, mahali mbuzi wanakula karatasi?"

"Watu wa muji ni wavivu."

"Na ndege ile kwenye majani? Imekufa."

"Ndege pia wanakufa. Ulitaka aishi milele?"

Kabla hajamaliza, sauti ikalia kutoka juu. Mama Kasoki alikuwa amesimama kwenye ukingo, kikwembe chake kimelegea kiunoni kwa kukimbia.

"Papa! Papa, toa gari mule! Ni mazuku ile!"

Modeste akaweka mkono sikioni, kama mtu asiyesikia, ingawa alisikia.

"Hewa mubaya inatoka chini ya mawe," mama akapaza sauti. "Haina harufu, haina rangi. Muchana upepo wa ziwa unaisukuma. Jua likizama, inajaa shimo lote kama maji kwenye bakuli. Mbuzi wangu walilala mule, hawakuamka. Toka, papa!"

"Kweli mama, unajua kuuza!" Modeste akajibu.

"Siuzi kitu. Leta gari kwangu, ilale bure. Kesho pia sitakuomba hata likuta. Lakini usilaze mutu mule."

Ndugu zangu, sikieni. Bure! Neno alilolitafuta mchana kutwa, kutoka Katoyi mpaka Majengo na kurudi, sasa lilikuwa limesimama mbele yake na kikwembe kimelegea, linamsihi. Na mtu huyo akalikataa. Kwa nini? Kwa sababu alimpima mama yule kwa kipimo cha moyo wake mwenyewe. Aliwaza: akishaniingiza ndani, kesho asubuhi ndoa inaningojea, atafunga mlango wake wa chuma na kudai mara mbili. Aliwaza hivyo kwa sababu yeye ndivyo angefanya.

"Nenda ukadanganye wengine," akasema.

Mama Kasoki akamgeukia Séraphine. "Mama, basi wewe panda huku juu."

Séraphine akamtazama mume wake. "Twende wote kwa dada yako. Vitu tutabeba kichwani."

"Na matairi? Na esansi, waninyonyee yote? Na kondoo, utamubeba kichwani?" Alikuwa tayari amemshusha kondoo ale majani, anamfunga mbele ya gari kwa kamba fupi. "Mimi wazee wananingojea, siwezi kukosa. Wewe utalala humu. Na huyu kondoo akipotea, kesho usinionyeshe uso."

Shikeni maneno hayo. Yeye aliyasahau kabla hajafika barabarani.

Séraphine hakubishana. Alikuwa ameolewa miaka mingi, na alishajua ni milango gani haifunguki. Alisema tu, "Basi kesho mapema uje kunichukua, nimupe mutoto maziwa yake." Akajifunika blanketi moja kati ya yale mapya, kwa uangalifu, asilikunje.

Kwa Perpétue, Modeste alikula akashiba, akapewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakaa kati ya wakwe. Laurence alipouliza mama yuko wapi, alijibiwa kwamba mama anapumzika. Kisha baba akawasimulia wageni jinsi alivyoishinda Goma.

"Watu wa muji wamezoea kutukula sisi watu wa milima," akasema, na kikombe mkononi. "Mimi hawakunikula."

Walicheka, hata wakwe. Akalala fofofo.

Asubuhi Laurence alivishwa gauni jeupe, akakalishwa kwenye kiti katikati ya chumba. Chai alikataa. Mkate alikataa. Midomo yake ilikuwa inangojea maziwa.

"Papa, mama iko wapi?"

"Iko analinda gari."

"Tangu jana?" Laurence akasimama. "Papa, tangu jana?"

Modeste akatoka bila haraka, mswaki wa mti mdomoni. Alipofika kwenye ukingo alitazama matairi kwanza. Yote manne yalikuwepo. Vioo vilikuwepo. Akamshukuru Mungu kwa sauti, nasema kweli. Kisha macho yake yakamwona kondoo amelala ubavu, miguu imekakamaa.

"Kondoo wangu!" akapiga kelele. "Mwanamuke huyu amelala mpaka kondoo amekufa!"

Hicho ndicho kilio chake cha kwanza. Ndipo akaona, nyuma ya kondoo, kitambaa anachokijua. Séraphine alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, mkono mmoja umeshika kamba ya shingo ya yule mnyama. Kila mtu aliyefika pale alielewa. Kondoo alianguka kwanza, maana yuko chini. Mama akamsikia, akashuka kutoka garini kwenda kumfungua, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba akipotea asionyeshe uso. Na chini pale kwa kondoo ndipo kifo kilipokuwa kimejaa.

Modeste aliteremka mbio. Hakufika mbali. Kifua kilibanwa, masikio yakaanza kuvuma. Mkono ukamshika mkanda kwa nyuma, ukamvuta juu kwa nguvu. Alikuwa Mama Kasoki, na sentineli wake.

"Ukishuka tutazika wawili! Ungojee jua lipande, upepo uje."

"Mke wangu yuko pale!"

"Yuko pale tangu jana, papa."

Basi akangojea. Alikaa juu ya jiwe, anatazama nyayo za mke wake aliyelala hatua chache tu chini yake, na hakuweza kumgusa. Kengele ya kanisa ikaanza kulia, inaita watu kwenye ndoa. Laurence akaja anakimbia peku juu ya mawe ya volkano, gauni limeshikwa mkononi, Perpétue anamfuata akilia "Ayi wee!" Vijana walimzuia kwenye ukingo. Alitazama chini, kisha akamgeukia baba yake.

"Papa," akasema, "gari umeweka mahali pa bure. Mama ulimuweka wapi?"

Upepo wa ziwa ulipoamka, vijana walishuka mbio, wakambeba Séraphine, wakapanda naye. Gari lilikuwa zima kabisa. Fromaji zote zilikuwepo, mablanketi yote yalikuwepo, esansi haikupungua. Wezi wa Goma wanajua bonde lile, hawaingii. Kwenye kiti, chombo cha maziwa kilikuwa kimesimama, kimefunikwa, halijamwagika tone.

Laurence alikichukua. Wanawake walidhani atakunywa. Alifungua kifuniko, akayamwaga maziwa yote juu ya kiti cha dereva, taratibu, mpaka chombo kikabaki kikavu. Modeste alikuwa amesimama pale pale. Hakusema kitu kuhusu kiti.

Ni kwenye kamioneti ile ile Séraphine alirudi Masisi, nyuma, kati ya mablanketi ya ndoa. Harufu ya maziwa yaliyochacha haikutoka tena, hata walisugua namna gani.

Matanga yalipoisha, ndoa ilifanyika. Modeste alishuka amevaa koti jeusi, akasimamisha gari mbele ya kanisa, akataka kuingia na wengine. Laurence alikuwa mlangoni. Perpétue ndiye aliyempa maziwa asubuhi ile, na maziwa yenyewe yalinunuliwa sokoni Mabanga.

"Papa," Laurence akamwambia, bila kupandisha sauti, "wewe ubakie na gari. Isije ikaibiwa."

Mlango ukafungwa. Modeste akarudi, akaketi kwenye kiti chenye harufu. Alisikia nyimbo zote mpaka ya mwisho.

FUNZO

Mnapochukua gari kwenda mji msioujua, jueni kwanza litalala wapi. Mahali pa bei nafuu hapakosekani: parseli ya mfanyabiashara mwenye mlango na mlinzi, uwanja wa misheni, mbele ya duka la mtu unayefahamiana naye. Toeni kile kidogo kinachoombwa, mshukuru, mkalale. Mkiona mahali pazuri, wazi, pa bure, na wenyeji wote wanapazunguka, msiseme wenyeji ni wajinga. Waulizeni. Na akija mtu kuwaonya, hata kama ni mwuzaji, msikilizeni kwanza, halafu ndipo mumshuku.

Ninyi wanaume wa kwetu, hili ni lenu. Mke si kufuli ya gari. Mtoto si kufuli, mzee si kufuli. Ukitaka kulinda mali yako kwa pumzi ya mtu, weka pumzi yako mwenyewe. Modeste aliacha kitu kidogo kisitoke mfukoni mwake, na mpaka leo gari lake halijaibiwa.