Mashavu ya Mwalimu Persis

Kovu la kwanza kutoweka lilikuwa la kidevuni, na Nyanchera, kusema kweli, hakulililia. Aliamka Jumatatu, akanawa uso, akakuta kidevu kimelainika kama cha mtoto. Kufikia Jumatano vitundu vya ngozi ya pua vilikuwa vimezibika. Wateja wakaanza kumsifu.

"Unatumia nini, dadangu? Usitufiche."

Alipojibu kwamba hatumii kitu, hakuna aliyemwamini. Ijumaa asubuhi simu yake ilikataa kumfungulia. Iliutazama uso wake, ikafikiri, kisha ikamdai nambari ya siri kama mtu baki.

Alikuwa amechoka mno hata kuogopa. Saluni yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati, kwenye barabara ya kuelekea soko la Daraja Mbili, na ratiba yake haikuwa na huruma: Alhamisi wafu, Jumapili maharusi. Wote walimvimbisha miguu sawasawa.

Wiki mbili kabla, alikuwa amemremba Mwalimu Persis wa kule Nyamira, marehemu wa miaka arobaini na miwili, ambaye chunusi za ujana zilimwachia mashavu yaliyojaa mashimo. Gladys, mdogo wa marehemu, alikuja kusimamia kazi mochari.

"Mlainishe kabisa," alisema. "Mazishi yanarushwa mtandaoni. Sitaki mtu avute picha karibu aanze kuhesabu."

Nyanchera aliijua kazi. Ngozi ya namna hiyo haipakwi, inagongwa: tabaka jembamba la faundesheni kwa sponji yenye unyevu, ungoje, ugonge jingine, halafu poda ya kugusia tu, maana ikizidi huingia mashimoni ikayatangaza. Maiti hata ni rahisi, hatoi jasho. Alipomaliza, Persis hakuwa na alama hata moja. Waombolezaji walipita kando ya jeneza wakinong'onezana kama kweli ni yeye. Gladys alifurahi.

Ijumaa hiyo ya simu, saa tisa mchana, mvua ilianza kupiga mabati na saluni ikabaki tupu. Kwanza ilikuja harufu: dawa ya mochari, na chini yake poda iliyopoa. Kisha kiti cha wateja kikatoa pumzi, kikashuka polepole kama kinavyoshuka mtu mzima anapoketi, na Nyanchera, aliyekuwa akikunja taulo huku akijiambia kwamba ni pampu imeharibika na atamwita fundi kesho, aliinua macho kwenye kioo akaona, juu ya kiti ambacho kwa macho ya kawaida kilikuwa kitupu, uso usio na tundu wala mkunjo wala kivuli, laini kama yai lililomenywa, na uso huo ulikuwa kazi ya mikono yake.

"Kwetu wamenikataa," ukasema, chini chini. "Nilifika. Baba, aliyetangulia kufa, alikuwa mlangoni, na bibi zangu wote. Wakaniangalia, wakasema hawana mtoto kama huyu."

"Mwalimu, nilifanya nilivyoambiwa."

"Kila mtu hufanya alivyoambiwa. Nirudishie uso wangu. Wakati nangoja, nitakuwa nachukua wa kwako kidogo kidogo."

Nyanchera alichukua pamba na dawa ya kufutia, akapangusa hewa iliyo juu ya kiti. Pamba ilitoka ya kahawia. Chini ya ulaini kulikuwa na ulaini. Akajaribu kuyakumbuka yale mashimo, hakuweza. Alikuwa ameyatazama kama kitu cha kuzibwa tu.

Jioni alifika kwake Nyakoe. Obwocha, mume aliyeishi naye miaka tisa, alifungua mlango.

"Unamtafuta Nyanchera? Hajarudi, dada. Karibu umngoje."

Aliposikia sauti yake alicheka, akasema ni giza. Lakini taa ilikuwa inawaka.

Jumapili Nyanchera aliwaacha maharusi wahangaike, akaenda Nyamira kwa Mama Nyanchama, mamake Persis, kumwomba aje saluni. Gladys alisema huo ni upuuzi na kanisa likisikia itakuwa aibu. Mama alivaa viatu tu.

Jumatatu, saa tisa, ikaja mvua, ikaja harufu, kiti kikashuka. Mama Nyanchama hakushtuka.

"Persis, kaa wima," alisema. Kisha akamgeukia Nyanchera. "Lete kidole. Chini ya jicho hili, mawili, yamekaribiana. Hilo la kulia alijikuna akiwa shule, Fomu Tuu, nikamzaba kofi. Shuka. Upande wa kushoto ni mengi, ndio alikuwa akilalia."

Kila alipobonyeza, shimo lilifunguka chini ya kidole, baridi. Walikwenda hivyo shavu zima, mama akitaja, akikosoa, mara moja akicheka peke yake, mpaka kwenye kioo akaonekana mtu, mwalimu aliyechoka, mwenye uso wake. Kiti kikapanda. Harufu ikaondoka.

"Sasa watakufungulia," mama akasema kwa kiti.

Nyanchera akagusa shavu lake. Kidole kiliteleza hadi sikioni bila kukwama popote.

"Na mimi, mama? Hakunirudishia."

Mama Nyanchama alivaa miwani, akamtazama kwa muda. "Jaribu mwenyewe."

Alijaribu. Alibonyeza kidevu, akabonyeza tena. Hakukufunguka kitu.

"Basi lazima aseme aliyekutazama. Mimi, mwanangu, sikukujua kabla. Nani anakujua?"

Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani. Akampigia Obwocha, naye akaja amelowa. Alifungua picha za simuni, zote za miaka tisa, na katika kila moja mkewe alikuwa laini. Nyanchera alikuwa amezilainisha mwenyewe kabla ya kumtumia.

"Ziache hizo," Nyanchera akamwambia. Alikaa kitini, akafumba macho, akainua kidole. "Niambie wewe. Anza popote."

Obwocha aliinama, akaukagua uso huo laini.

"Ulikuwa mrembo," akasema hatimaye.

"Wapi?"

Mvua ilikuwa imekatika.

"Kote tu," akasema.