Mkwe Wangu na Dude Lenye Taa

Wajukuu zangu wa mtandaoni, hebu simamisheni vidole. Nawategea!

Kidogo, hakina mdomo, lakini ukikinong'oneza kinapaza. Nini hicho?

...

Haya, mji mmeshanipa, msijisumbue. Ni kikuza sauti cha maiki. Na ndicho mkwe wangu alichokinyakua mchana kweupe, ndani ya chumba changu mwenyewe!

Nimetoka kuanika nguo, naingia... mezani hakipo! Mahali pake limekaa dude jeusi, taa nyekundu, taa za kijani, na mshale unaochezacheza. Pembeni kasimama mkwe wangu, kifua mbele kama kajenga daraja.

Huyu mume wa binti yangu anajiita Injinia. Injinia wa nini, msiniulize. Miaka ishirini kapiga muziki kwenye maharusi, kichwa katikati ya maspika, basi anaona sauti zote za dunia kazizaa yeye.

"Shikamoo mama! Umeiona mashine?"

"Marahaba. Kidude chetu kiko wapi?"

"Nimebadilishana na fundi redio. Kile kilikuwa mchezo wa watoto."

"Ulimuuliza nani?"

"Mama, mambo ya sauti naulizwa mimi."

Nilimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili. Sikuona injinia popote.

Sasa sikilizeni kwa nini moto uliniwaka. Binti yake, mjukuu wangu Chiriku, anaimba kwa sauti laini, ya chini. Chuo cha muziki kilimrudishia wimbo wa kwanza, wakasema anasikika kama yuko nyumba ya pili. Maiki yetu ni nzuri ila mvivu, lazima isukumwe. Wakampa nafasi ya mwisho: atume tena kabla ya jana saa kumi jioni. Baada ya hapo mlango unafungwa!

Kwa ajili hiyo tulikwenda dukani mimi na yeye. Muuzaji akatupangia vikuza sauti vya bei nafuu, anasifia vitufe na rangi. Nikavaa hedifoni, nikasema, "Wote kimya."

"Bibi, hamjaribu kwa kuimba?"

"Kuimba baadaye. Nataka nisikie kinasema nini tukinyamaza."

Cha kwanza kilikoroma. Cha pili kilichemka. Cha tatu, jamani, nilidhani mvua! Cha nne, sura mbaya, taa moja tu... kimya kama mtoto aliyeshiba. Tukakichukua hicho.

Na hicho ndicho Injinia alikwenda kukigawa!

Saa nane. Chiriku kaingia kwenye kabati langu la nguo, tumetundika mablanketi mawili kuua mwangwi, kaimba mstari mmoja. Tukasikiliza.

Shhhhhhhhhh...

Mtoto anaimba, na nyuma yake kama kuna mtu anakaanga!

"Baba, inavuma," Chiriku akasema.

"Inavuma nini? Tazama mshale unavyopanda! Hiyo ndiyo studio!"

"Mimi bibi kizee nausikia mvumo," nikamwambia. "Wewe unausikia au huusikii?"

"Mama, hayo ya kitaalamu yataka maelezo marefu."

"Sikutaka maelezo. Unausikia?"

Akajifanya anakaza waya. Waya wenyewe ulikuwa umekazwa!

Chiriku akakaa chini ya nguo zangu, machozi yanamdondoka. Nikajifunga khanga kiunoni, nikalibeba lile dude kifuani, huyo mpaka kwa fundi redio, mtaa wa pili. Injinia nyuma yangu anabwabwaja. Nilipokunja kona hayupo. Hodari wa mdomo, miguu imemkimbia!

Fundi aliponiona akacheka.

"Nilijua litarudi."

"Wewe umemuuzia mkwe wangu upepo!"

"Mama, usinionee. Nilimwambia linavuma. Nikamvika hedifoni mwenyewe. Akasikiliza, akasema safi. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, mimi niliyesimama kando nausikia mvumo. Yeye kichwa anatikisa, safi! Nikasema labda anatania."

Jamani... nikalitua lile dude mezani kwake.

Fundi akanipa kidude chetu bila ubishi. Kufika nyumbani, saa tisa na nusu. Chiriku akajifuta uso, akaingia kabatini. Mara ya kwanza kikohozi. Mara ya pili jirani kagonga kitu. Mara ya tatu akaimba mpaka mwisho, kila pumzi inasikika na nyuma yake hakuna hata nzi. Akatuma. Zimebaki dakika nne!

Jibu likaja leo asubuhi: kakubaliwa.

Nyie mnaotaka kurekodi nyumbani, shikeni hili. Msinunue kikuza sauti kwa taa, kwa uzito wala kwa domo la mjuaji. Chukueni maiki yenu, muichomeke kwenye kikuza, mnyamaze. Kikipiga kelele nyie mmenyamaza, kirudisheni. Na anayewachagulia, mpimeni na yeye.

Maana jana ileile nilimkuta Injinia uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo, nimeyapanga njia nzima. Nikayameza mawili matatu. Mengine yakanitoka.

"Injinia wa macho wewe! Mtoto angekosa chuo kwa sababu ya mshale!"

Nikamgusa bega. Akainua kichwa.

"Nilikuuliza kitu kule ndani. Sijajibiwa."

Nikaona anatazama midomo yangu. Midomo, wajukuu zangu, siyo macho!

"Ule mvumo siusikii, mama," akasema. "Mwaka wa nne huu. Na hata wewe, ukigeuka tu, sikusikii."