Pimia Chumbani kwa Doreen

Nyumba ya Andongwisye iko Nkunga, katikati ya migomba. Ukiwa barabarani huioni. Unaona majani tu, na moshi wa jikoni. Andongwisye na mkewe Felista wanalima chai na ndizi. Binti yao, Doreen, ni muuguzi. Tangu mwaka jana anasomea stashahada kwa njia ya mtandao.

Jumatatu moja Doreen alifanya mtihani wa majaribio kwa bando la simu. Intaneti ilikatika mara tatu. Mtihani ukajifunga.

"Huu ulikuwa wa majaribio," aliwaambia wazazi wake. "Wenyewe ni baada ya wiki tatu. Saa kumi na mbili jioni, niko chumbani peke yangu, kamera inawaka. Ikikatika zaidi ya dakika mbili, narudia mwaka."

"Na ada?" Felista aliuliza.

"Nalipa upya."

Siku ya pili alikuja Baraka, wakala wa kampuni ya Upepo Net. Baraka anaimba kwaya moja na Felista.

"Mugonile, tata," alimsalimu Andongwisye kwa Kinyakyusa. Kisha akasimama barabarani, akawasha kifaa kidogo cha kugawa intaneti, yaani rauta. Akaonyesha namba kwenye simu yake.

"Thelathini, baba. Kasi ya intaneti hupimwa kwa Mbps. Namba ikiwa kubwa, data nyingi inapita kwa sekunde. Chuo cha Doreen kinataka tano tu. Kwetu ni elfu sitini kwa mwezi, bila kikomo. Rauta ni bure."

"Kampuni inapata nini ikitoa bure?"

"Inapata mteja."

"Na wewe unapata nini?"

Baraka akacheka. "Baba, sisi ni watu wa nyumbani."

Andongwisye hakucheka. Hilo halikuwa jibu.

Jioni alikwenda kuomba ushauri kwa jirani yake, Naima. Naima ana duka la kutengeneza simu mjini Tukuyu.

"Mimi ningechukua kampuni ya Kilele," Naima alisema. "Wanafunga antena juu ya nyumba. Elfu sabini kwa mwezi, kasi kumi. Kufunga ni laki moja."

"Ghali zaidi, na kasi ndogo zaidi. Wanakupa ngapi, Naima?"

Naima aliweka bisibisi chini. "Elfu kumi na tano kwa kila mteja ninayempeleka."

Andongwisye akasimama. "Nilijua."

"Keti, Baba Doreen. Baraka naye analipwa. Tofauti ni kwamba mimi nimekwambia. Sasa usimwamini yeye, wala usiniamini mimi. Pima."

"Alishapima. Thelathini."

"Wapi?"

"Barabarani."

"Kwani Doreen atafanyia mtihani barabarani?"

Andongwisye akaketi.

"Waambie wote wawili waje wakufungie kwa majaribio," Naima aliendelea. "Atakayekataa, muache. Pimia chumbani kwa Doreen, saa ileile ya mtihani, maana jioni watu wengi wanatumia mtandao. Pima na siku ya mvua. Zipo namba mbili. Moja ni ya kupokea, nyingine ni ya kutuma. Kamera ya Doreen inatuma picha, kwa hiyo uliza chuo kinataka ngapi kwenye kutuma. Baraka amekuonyesha moja tu. Halafu mkataba, Doreen ausome wote, hata maandishi madogo."

"Na wewe ukichezea vipimo?"

"Utapima mwenyewe. Mimi sitafika hata mlangoni."

Chuo kilijibu kwamba kinataka tano za kupokea na mbili za kutuma. Baraka akaacha rauta siku tatu. Doreen aliweka programu ya kupimia kwenye simu ya baba yake, na Andongwisye akawa anaandika nyuma ya kalenda. Sebuleni asubuhi, nane. Chumbani kwa Doreen jioni, tatu. Siku ya tatu mvua ilinyesha. Ikawa moja na nusu.

Baraka aliziangalia namba zile. "Tatizo ni migomba, baba. Majani yakilowa yanazuia mawimbi. Kata hii mitano ya mbele."

"Nikate ndizi ili kampuni yako ipite?"

"Na wewe ukija hapa mchana, Baraka," Felista alisema, "nitakupikia rauta?"

Doreen alikuwa amemaliza kusoma mkataba. "Hapa wanasema ukitumia GB mia moja, kasi inashuka hadi moja mpaka mwezi uishe. Na rauta ni bure ukikaa mwaka mzima. Ukiondoka kabla, unailipia laki moja na nusu."

"Hayo hukuyasema," Andongwisye alimwambia Baraka.

"Hukuniuliza, baba."

Wiki iliyofuata fundi wa Kilele alisimamisha antena juu ya mlingoti, ikapita majani ya migomba. Andongwisye alisimama chini yake mpaka kazi ikaisha. Kisha akapima. Jioni ya kwanza tisa, ya pili nane, siku ya mvua saba. Ya kutuma haikushuka chini ya tatu. Mkataba haukuwa na kikomo cha GB, na mteja aliweza kuacha mwezi wowote.

Felista alipiga hesabu ya mwaka. Upepo, laki saba na elfu ishirini. Kilele, pamoja na kufunga, laki tisa na elfu arobaini.

"Laki mbili na ishirini zaidi," alisema.

"Upepo tungelipia kasi ya thelathini, tukapata tatu," Doreen alijibu. "Chuo kinataka tano."

"Siku za majaribio kila mtu ni mzuri," Andongwisye alisema. Hata hivyo alitia saini.

Siku ya mtihani mvua ilianza saa tisa mchana. Saa kumi na mbili Doreen alifunga mlango. Andongwisye alitoa simu ili apime. Felista akamnyang'anya.

"Ukipima sasa unakula kasi yake."

Walisubiri sebuleni. Saa mbili mlango ukafunguliwa.

"Imekatika?" baba yake aliuliza.

"Haikukatika."

Mwezi uliofuata matokeo yalitoka. Doreen alikuwa amefaulu. Siku hiyohiyo Naima alimwambia Andongwisye kwamba Kilele wanapunguza bei kwa anayelipa miezi sita pamoja.

"Nikishalipa sita," Andongwisye aliuliza, "antena ikiyumba watakuwa na haraka gani ya kuja?"

Akalipa mwezi mmoja.