Mchakato Uliokula Peke Yake

Saa nne kasoro asubuhi, stoo ya nyuma ya duka la fotokopi. Watu watatu, kompyuta moja.

"Rudia," alisema Shemeji. Kila mtu alimwita hivyo, na hakuna aliyejua kaoa dada wa nani.

Njiti, aliyekaa kwenye kompyuta, alielekeza skrini. "Programu yetu imo ndani ya seva ya hospitali. Imejificha kati ya michakato inayoendesha hifadhidata. Jina lile lile, ukubwa ule ule. Inanyonya mafaili ya wagonjwa. Ikimaliza, tunawauzia wenyewe."

"Umeingilia wapi?"

"Kompyuta ya dada yangu, msimamizi wa seva hiyo. Aliiacha wazi akaenda kuoga."

Jiwe, aliyelinda mlango, alicheka. "Undugu raha."

Saa nne na robo. Nusu ya mafaili imeshatoka. Simu ya Njiti ikalia. Dada.

"Pokea. Weka spika," Shemeji alisema. Jiwe akachomoa bastola.

"Mdogo wangu, seva inanifia!" Dada alikuwa akipiga kelele. "Nimejumlisha kumbukumbu, ile RAM, inayotumiwa na michakato yote, inazidi ya mashine mara tatu. Inawezekanaje? Chumba cha upasuaji wana mama anavuja damu, na faili lake halifunguki!"

Njiti akaliona kosa lake. Michakato halali yote huchota kumbukumbu kwenye sufuria moja ya pamoja, ila kila mmoja huandikiwa sufuria nzima. Yeye, ili programu yake ifanane nayo, aliipa sufuria yake yenyewe, kubwa vile vile. Mashine ikajaa.

"Mtulize," Shemeji alinong'ona.

"Usijumlishe, dada," Njiti alisema polepole. "Ile ya pamoja inahesabiwa kwa kila mmoja. Itoe. Pima kile ambacho kila mchakato unacho peke yake."

Shemeji alipiga miayo. Somo lilimchosha.

Vidole vilisikika kwenye kibodi.

"Yote midogo. Isipokuwa mmoja." Kibodi ikalia tena. "Umefunguliwa kwa jina langu."

"Uue, dada."

Shemeji alishtuka. "Uue nini?"

Kwenye skrini yao mstari wa upakuaji ukasimama. Muunganisho umekatika. Simuni, mtu alipiga kelele kwa mbali: "Limefunguka! Leteni damu!"

"Mdogo wangu," dada alisema, taratibu sana. "Nani aliingia kwa jina langu?"

Mdomo wa bastola ya Jiwe ulikuwa wa baridi nyuma ya sikio la Njiti.

"Ni mimi, dada. Waambie ni mimi."

Shemeji alinyoosha mkono, akakata simu.