Marahaba ya Mama

"Desderius! Huyo mwanamke ni nani?"

Nilimfumania bwawani kwetu Kirushya, maji kiunoni, mwanamke wa kambi ya wakimbizi kamshika tumbo. Desderius kifuani kajifunga dumu tupu la mafuta ya msaada ili aelee.

"Priscila, subiri! Huyu Deodata ananifundisha kuogelea."

"Kuogelea? Wewe?"

Nilicheka kwa uchungu. Mwaka jana, 1995, kaka yangu Audax alizama kwenye bwawa hilohilo, Desderius kasimama ukingoni anapiga kelele tu. Mama akairudisha barua ya posa ya Desderius bila kuifungua. Tangu siku hiyo, Desderius akimpa shikamoo, mama anageuza uso.

"Jumamosi kuna mashindano," alisema. "Shirika la misaada limeandaa. Unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Baiskeli naijua, mbio naziweza. Tatizo maji. Nataka mama yako anione nikiyaingia."

"Utakufa, mjinga wewe!"

"Bila wewe ninaishi?"

Deodata akadakia, "Dada, mume wangu nilimzika Burundi. Wako nimfanyie nini? Njoo umshike miguu."

Niliona haya jamani. Nikavua kandambili, nikaingia.

Jumamosi nilimburuta mama hadi bwawani. Msimamizi wa mashindano akaliona lile dumu.

"Vua hilo. Haliruhusiwi."

Mungu wangu! Siku zote tulizomfundisha, hatukuwahi kumvua dumu hata mara moja. Nikamkimbilia.

"Dese, acha! Tutoroke, twende Biharamulo!"

"Nikutoroshe, mama yako abaki na nani?"

Akalifungua, akanikabidhi, akaingia.

Katikati ya bwawa alizama. Nikapiga yowe. Mama akanidaka mkono, kucha zikaniingia. Kichwa kikaibuka, kikazama, kikaibuka tena. Wenzake walishapanda baiskeli wakaondoka, yeye bado anapapatika majini. Nikajua namzika kama Audax.

Ghafla mama akaniachia, akakimbilia ukingoni na khanga inamvuka.

"Piga miguu, mwanangu! Piga miguu!"

Akapiga. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alitoka kwa magoti, wa mwisho kabisa, anatapika maji na tope. Akainua macho, akamwona mama.

"Shi... shikamoo, mama."

Mama alikuwa analia waziwazi, bila kujificha.

"Marahaba, baba. Haya, panda baiskeli, wenzako wanakuacha. Ukimaliza, mtume mshenga na ile barua."