Ngoma ya Mudathir na Kura za Maharage

Kila asubuhi, katika shule moja ya Tandale, ngoma ya shule, aliyoipiga Mudathir, iliwaingiza wanafunzi darasani, hata wale wenye miguu mizito. Jumatatu ile ngoma ilikuwa kimya. Mudathir alikuwa ameichukua bila ruhusa, akaipiga kwenye harusi ya dada yake hadi ngozi ikapasuka. Na mashindano ya bendi za shule yalikuwa Jumamosi!

Mwalimu Demetria alimwita Kokuberwa, kiranja wa darasa la sita. "Kawaulize wenzako tumpe Mudathir adhabu gani. Watakachotaka ndicho nitakachofanya."

Kokuberwa, ambaye hakujua kusema polepole, alipanda juu ya dawati. "Jamani! Mwizi wa mali ya shule afukuzwe bendi, asifukuzwe?"

"Afukuzweee!" darasa likaitika, mikono yote juu. Mudathir aliinama, machozi yakamdondoka. Kokuberwa alimhurumia sana, lakini mkono wake pia ulikuwa juu.

Alipopeleka majibu, mwalimu alimtazama. "Umewauliza kuhusu mwizi, hukuwauliza kuhusu Mudathir. Na wewe mwenyewe, unataka afukuzwe?"

"Hapana, mwalimu. Niliogopa kuzomewa."

"Huenda hukuogopa peke yako. Kaulize tena, vizuri."

Kokuberwa alimsikiliza Mudathir kwanza, kisha akalieleza darasa kisa chote: wapiga ngoma waliokodiwa hawakutokea, bi harusi akalia, kaka mtu akakimbilia ngoma ya shule. Akaomba mahindi na maharage jikoni, akaweka chungu nyuma ya mlango. Kila mmoja aliingia peke yake, akatumbukiza punje moja. Hindi maana yake afukuzwe; haragwe, abaki lakini aitengeneze ngoma mwenyewe.

Walipomwaga chungu, meza ilijaa maharage, na mahindi yalikuwa ya kutafuta.

"Kumbe!" alisema Brightson, aliyepiga kelele kuliko wote. "Mie nilidhani nyie ndo mnataka atoke!"

"Na sie tulidhani wewe!" wakamjibu, wakacheka.

Mudathir alipata ngozi ya mbuzi kwa mjomba wake, mfanyakazi wa machinjio ya Vingunguti. Akaikwangua, akaiwamba, akaianika juani. Ijumaa, kwenye mazoezi ya bendi, ngoma ililia. Ilinuka beberu, watu wakacheza huku wameziba pua.

"Kosa halikuachwa hivi hivi, Mudathir amelirekebisha kwa mikono yake," alisema Mwalimu Demetria, akihema kwa kucheza. "Nanyi mkumbuke: kabla ya kusema watu wanataka adhabu gani, waelezeni kisa chote, kisha muulizeni kila mmoja faraghani. La sivyo mtakuwa mmepima kelele tu."

Mudathir alicheka kwa furaha hadi vijiti vikamponyoka, ikabidi bendi nzima ianze upya.