Kitanda cha Kubebana

Nilifika bwenini jua likizama, godoro kichwani kama mtu anayehama.

Mlinzi wa getini aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia kwa binti yangu, yuko mwaka wa kwanza, ameomba godoro pana. Akacheka.

"Mama, vitanda vya humu ni vya mtu mmoja mmoja. Hilo atalitandika wapi?"

Nikapita na godoro langu. Mwanangu alinipigia simu asubuhi, sauti yake iko chini kabisa, akasema maneno machache. "Mama, niletee godoro. Hili halitutoshi." Akakata.

Halitutoshi.

Mzazi mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilimaliza zamu yangu, nikapita dukani, nikanunua godoro. Tangu nimzike baba yake mwaka jana nimekuwa hivyo. Silii, sicheki, sigombani na mtu. Kazi yangu ni kuwachoma wagonjwa sindano ya ganzi kabla ya upasuaji, na wenzangu hunitania kwamba siku moja nilikosea nikajichoma mwenyewe. Nami huwaambia inawezekana.

Bweni lilikuwa lile lile nililolala nikiwa msichana, ila lilikuwa limepakwa rangi. Enzi zetu ulipoingia ulikutana na kelele kwanza, watu baadaye. Huyu anasukwa mlangoni, yule anapiga pasi sakafuni, mwingine anamtukana aliyemchukulia ndoo bila kumtaja, na aliyeichukua anaitikia. Jiko moja la koili lilipikia vyumba vitatu. Umeme ukikatika, kila chumba kilimlaumu jirani.

Sasa korido ilikuwa kimya kama wodi baada ya dawa. Milango ilifunguliwa kwa kadi, kila mmoja na kitaa chake chekundu. Msichana mmoja alinipita, vidude masikioni, macho kwenye simu. Hakunisalimu. Sidhani kama aliniona, na godoro lote lile.

Chumba cha mwanangu kilikuwa chumba changu cha zamani. Aliponiambia amepangiwa hicho nilisema vizuri, basi. Alifurahi kuliko mimi, kwa sababu amekua akisikia hadithi zake. Nilikuwa namsimulia akigoma kulala: jinsi vitanda vilivyokuwa vichache kuliko wanafunzi, na aliyepata kitanda akambeba aliyekosa. Kubebana, ndivyo tulivyoita. Mlilala mzungu wa nne, kichwa chako huku, cha mwenzako kule, na miguu ya mtu karibu na pua yako hadi asubuhi. Mlezi wa bweni alikuwa mkali, kwa hiyo anayebebwa alisubiri taa zizimwe. Hakubisha hodi. Alikwaruza mlango kwa kucha, chini kabisa karibu na sakafu, mara tatu. Mwenye kitanda akajibu kwa kunong'ona, "Panda, tubanane." Bila kuitikiwa, hakuna aliyeingia. Ilikuwa heshima yetu.

Mwanangu alikuwa akikwaruza mlango wangu hivyo hivyo alipokuwa mdogo, akiota ndoto mbaya. Namwambia panda. Anapanda katikati yetu, mimi na baba yake.

Nilipofika mlangoni, kitaa kilikuwa cha kijani. Ulikuwa wazi.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Korido ilinuka rangi mpya, lakini humo ndani... sabuni ya mche, na nguo zilizokaukia ndani bila jua. Harufu ya bweni la zamani. Nilikuwa sijainusa miaka yote hiyo.

Mwanangu alikuwa amelala, amejibana ukutani kabisa. Nusu ya kitanda ilikuwa tupu. Kitanda kilikuwa na mito miwili, mmoja kichwani kwake.

Mwingine miguuni.

"Mama, umekuja." Hakuinuka. Alikuwa amekonda, midomo imepauka.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ndiyo shida yenyewe. Siumwi popote."

Nikamfunua blanketi. Miguu yake ilikuwa ya baridi. Nikachomoa pini kwenye kilemba changu, nikafanya kama nifanyavyo kazini kabla daktari hajashika kisu. Nikamgusa kidole gumba kwa ncha. Hakusikia. Nikapanda kwenye kifundo, nikapanda kwenye goti. Nikabonyeza mpaka tone la damu likatoka. Alikuwa akinitazama tu.

"Tangu lini?"

"Nilipoanza kumbeba yule dada. Mwanzo vidole tu. Nikadhani ni kubanana."

"Dada gani?"

Akatazama mlango. "Alikwaruza, mama. Chini, kama ulivyonisimulia. Nikasema masikini, kumbe bado wapo wanaokosa vitanda. Si wewe uliyenifundisha asiye na pa kulala habaguliwi? Nikamwambia panda, tubanane."

Nikamwuliza huyo dada anasoma nini. Hajui. Anaitwa nani? Hajui. Ana uso wa namna gani?

"Tunalala mzungu wa nne," akasema. "Naona miguu tu."

Alishamwambia asije tena, naye akaja. Akahamia kwa mwenzake chumba cha juu, yule dada akamfuata. Akalala maktaba, kichwa juu ya meza, akaamka na miguu ya mtu pembeni ya shavu lake. Nikamwuliza kwa nini hakupiga kelele, vyumba vyote hivi vina watu.

"Humu hakuna wa kumpigia kelele, mama. Niliandika kwenye kundi letu la simu. Wakanitumia vikatuni vya kucheka."

Nilipaswa kuogopa. Nilijua nilipaswa. Badala yake nikakaa kitandani, nikampigia Kinanda. Huyo ni mwenzangu tuliyelala chumba kimoja miaka ile, na jina alilipata kwa kukoroma kwake.

"Kinanda, unamkumbuka yule tuliyemwita Tubanane?"

Akacheka. "Yule wa kuja gizani na kuondoka alfajiri? Nitamsahauje! Miguu ya barafu! Mwenzangu, mgeni wako yule alikuwa na miguu ya maiti."

"Mgeni wangu?"

"Si wewe uliyemleta?"

"Mimi nilijua ni wa kwako."

Kicheko kikakatika. Nikasikia televisheni nyumbani kwake, halafu nikasikia akiizima.

"Chumba cha pili walisema ni wetu," akasema polepole. "Sisi tukasema ni wa chumba cha tatu... Kumbe tulimbeba nani?"

"Mguu wako ulikuwa unakufa ganzi?"

"Usiku ule tu. Kesho yake anakwaruza kwingine, mimi napona. Alikuwa anamfuata aliyemwitikia mwisho. Na sisi tulikuwa wengi, kila mlango ulimwitikia, hakuwa na haja ya kukaa." Kisha akauliza, "Kwa nini unaniuliza haya?"

"Yuko na mwanangu."

"Mungu wangu. Mtoe mtoto humo! Sasa hivi!"

"Anamfuata, Kinanda. Hakuna mlango mwingine unaofunguka."

Nikakata. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikampima tena mwanangu. Ganzi ilikuwa imevuka goti, iko nusu ya paja. Hii kazi naijua. Ganzi ya kwangu huanzia vidoleni ikapanda, na ikifika kiunoni nafurahi, daktari anaweza kuanza. Ikipita kitovu naacha kumtazama mgonjwa miguu, namtazama uso. Ikifika kifuani mtu anasahau kupumua. Hasikii maumivu. Anasahau tu.

Hapo nikasema kwa sauti, "Huyu hapana." Nilishangaa kusikia sauti yangu ikitetemeka.

Taa ya chumba ikazimika.

Sikuigusa. Mwanangu hakuigusa. Kwenye upenyo wa chini ya mlango mwanga wa korido bado ulionekana, mstari mwembamba. Halafu kitu kikauziba katikati.

Kr...

Chini kabisa, karibu na sakafu.

Kr...

Harufu ya nguo mbichi ikajaa puani.

Kr.

Mwanangu alinishika mkono. "Usimjibu, mama," akanong'ona. "Tafadhali."

Kuna watu wangesoma dua. Wengine wangemtafuta mganga, nao wangekuwa na akili kuliko mimi. Mimi niliwaza kitanda changu nyumbani. Ni kipana, cha mninga, na upande mmoja haujalaliwa tangu mwaka jana. Nimeendelea kulala pembeni, kana kwamba mwenyewe ametoka kunywa maji. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema ni mwenyeji yupi.

Nikashuka, nikapiga magoti mbele ya mlango. Nikaweka mdomo karibu na upenyo.

"Hapa pamejaa," nikanong'ona. "Kwangu kuna nafasi."

Kucha zikatulia juu ya mbao.

"Njoo nikubebe mimi. Panda, tubanane."

Baridi ilipita chini ya mlango, ikanigusa vidole vya miguu. Mwanga ukarudi mzima kwenye upenyo. Taa ya chumba ikawaka. Nilirudi kitandani na pini yangu, nikamchoma mwanangu kidole.

"Mama! Unaniumiza!"

Akaanza kulia. Nikamchoma tena, ili nisikie tena.

Nilimwachia godoro. Alitaka tuondoke wote, nikamwambia ana mtihani wa majaribio, na kitanda ni chake sasa. Alinishika shingoni kwa muda mrefu. Getini mlinzi alinimulika tochi, mimi kwanza, halafu nyuma yangu.

"Mama, mwenzako mbona hana viatu?"

Sikugeuka. Nilimtakia usiku mwema.

Hayo yalikuwa kabla ya masika. Mwanangu amepona. Anakimbia, anacheza mpira wa wavu, na sauti yake kwenye simu imerudi juu mpaka naisogeza mbali na sikio. Ameanzisha mambo bwenini; anasema jioni anagonga kila mlango na kuwalazimisha wenzake wale pamoja. Wanamwita Mama Korido. Nikamwambia wagonge juu, kwa vifundo vya vidole, wasikwaruze. Hakuniuliza sababu. Nadhani ameamua kwamba ile ilikuwa homa. Mimi nimemwacha aamini hivyo.

Mgeni wangu hana matata. Haongei. Hakoromi, Mungu ambariki, si kama Kinanda. Nikizima taa anakuja, nikiamka hayupo, na shuka la upande ule linakuwa na unyevu kidogo. Kazini natembea kwa kuangalia miguu yangu inakokanyaga, kwa sababu yenyewe hainiambii. Natumia fimbo. Nimewaambia ni mgongo. Kila asubuhi najipima kwa pini. Kinanda amejitolea mara mbili tubadilishane zamu kama zamani, yeye ambebe kidogo nami nipone, na mara zote mbili nimekataa. Ana wajukuu wanaolala naye.

Juzi mwanangu alikuja likizo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimejilaza mchana na mapazia yamefungwa. Sikujua kwamba mgeni wangu huja hata mchana, kukiwa na giza la kutosha. Nilijua niliposikia baridi karibu na shavu.

Kisha mlangoni, chini kabisa...

Kr. Kr. Kr.

Na kicheko kidogo. Kicheko cha mtoto wangu.

"Mama," akanong'ona kwa mzaha, kama alipokuwa mdogo. "Nje kuna baridi. Tubanane?"

Kabla sijafungua mdomo, kitanda kililia. Miguu ile ilijivuta taratibu kuelekea ukutani. Mgeni wangu alikuwa anasogea. Alikuwa anampisha mwanangu katikati, mahali pake pa zamani.

"Usiingie!"

"Mama?"

"Kitanda kimejaa."

"Kimejaa na nani, mama? Si uko peke yako?"

Nilisikia akisimama pale mlangoni, halafu nikasikia hatua zake zikienda sebuleni, na kiti kikivutwa. Alikuwa analia kwa kujificha, kama alivyolia kwenye msiba wa baba yake. Hapo ndipo niliposikia maumivu. Hapa, kifuani, makali, ya kwanza tangu mazishi. Nililia mpaka mto ukalowa, na katikati ya kulia kule nilifurahi, maana nilijua ganzi bado haijafika huku.

Mgeni wangu alinisikiliza. Kisha blanketi likainuka upande wa chini. Miguu ikaondoka karibu na uso wangu, na mto wa baba wa mwanangu, ulio pembeni ya kichwa changu, ukabonyea kwa uzito wa kichwa.

Sikugeuka kutazama.